Washika Mkia Nao Wana Thamani: Upangaji wa Wapokeaji katika Futiboli ya Njozi

Mwaka huu nimeamua kuziacha ngeli na methali zipumzike kidogo, niandike juu ya mchezo. Najua wapo watakaouliza, "Huyu naye ametoka wapi na mambo ya Wamarekani?" Nawaomba subira. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nia ya makala haya ni kueleza jambo moja tu. Kule Marekani kuna mamilioni ya watu ambao kila wiki, msimu wa mchezo ukifika, huketi chini na kuwapanga wachezaji kuanzia wa kwanza hadi wa sitini na kuendelea. Wale walio juu ya orodha kila mtu anawajua. Kazi ngumu iko huku chini, kwa wale ambao darasani tungesema wameshika mkia. Wanapangwaje? Kwa nini mtu mzima ahangaike na mchezaji wa hamsini? Na je, sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tuna lolote la kujifunza hapo? Fuatana nami.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewane. Futiboli ya Kimarekani si kandanda yetu hii ya kuchezwa kwa miguu. Ina undugu na raga. Mpira una umbo la yai, unashikwa kwa mikono, na watu wanaangushana chini si mchezo. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, mbali na maeneo mawili ya kufungia yaliyo katika ncha zake. Yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, inapewa nafasi nyingine nne. Ikishindwa, wenzao wanachukua mpira.

Tofauti kubwa na raga ni hii: katika raga huruhusiwi kumpa mwenzako mpira kwa kuurusha mbele. Kwa Wamarekani, katika kila nafasi unaruhusiwa kuurusha mbele mara moja. Anayefanya kazi hiyo anaitwa kwotabeki, nami nitamwita mrushaji. Anaowarushia zaidi ni wapokeaji wa pembeni. Hawa ni vijana wenye mbio, wanaosimama karibu na kingo za uwanja. Mchezo ukianza wanachomoka kwa njia waliyokubaliana mapema na mrushaji wao, kisha wanageuka na kudaka. Mpokeaji akiufikisha mpira katika eneo la kufungia, hiyo ni tachidauni, na timu yake inapata alama 6.

Ligi yao kubwa inaitwa NFL. Ina timu 32, na tangu mwaka wa 2021 kila timu hucheza michezo 17 katika wiki 18, kuanzia Septemba hadi mapema Januari. Ile wiki moja inayobaki ni ya mapumziko. Msidhani kwamba Kenya haina lake huko: mwaka wa 2013 Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alijiunga na timu ya Indianapolis Colts. Yeye hakuwa mpokeaji lakini, alikuwa upande wa ulinzi.

LIGI YA NJOZI NI NINI?

Wengi wenu mnacheza ile ligi ya njozi ya Uingereza kwenye simu za wazazi wenu, msijifiche! Mnajua basi jinsi inavyokwenda: unaunda timu yako ya kichwani kwa kuchagua wachezaji wa kweli, na wanachokifanya uwanjani wikendi kinageuzwa kuwa alama zako.

Wamarekani walianza zamani. Mwaka wa 1962 bwana mmoja aliyeitwa Bill Winkenbach, aliyekuwa na hisa katika timu ya Oakland Raiders, alisafiri na timu hiyo hadi New York. Wakiwa hotelini, yeye na wenzake walitunga kanuni za mchezo huu. Mwaka uliofuata, 1963, walianza ligi yao kule Oakland wakiwa na timu nane. Wakati huo hakukuwa na kompyuta nyumbani wala intaneti. Walikuwa wakifungua magazeti, wakitafuta nani alifunga nini, na kujumlisha kwa kalamu na karatasi. Miaka ya 1990 intaneti ilipoenea, hesabu hiyo ikawa inafanywa na mashine, na mchezo ukasambaa kama moto wa nyika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo palipo kiini cha makala yangu. Katika ligi ya njozi ya Uingereza, wewe na jirani yako mnaweza nyote kuwa na mshambuliaji yule yule. Hata shule nzima ikimtaka, inampata, mradi bei yake itoshe. Kwa Wamarekani mambo kwa kawaida si hivyo. Kabla ya msimu kuanza, mameneja wa ligi moja huketi pamoja na kuchagua kwa zamu. Ukimchukua mchezaji, ni wako. Mwenzako hawezi kumpata tena ila umwache au mbadilishane.

Tupige hesabu kidogo, mwalimu wa hisabati asije akasema Chama cha Kiswahili hakijui namba. Tuseme ligi ina mameneja 12, na kila mmoja lazima achezeshe wapokeaji watatu kila wiki. Hao ni 36. Kila mmoja pia huweka wengine benchi, tuseme wawili. Hao ni 24 zaidi. Jumla ni 60. Yaani kabla hata wiki ya kwanza haijachezwa, wapokeaji 60 walio bora wamekwisha kuchukuliwa! Wale kumi wanaoimbwa redioni na kwenye televisheni wana wenyewe. Lakini majeraha yatakuja, tena hayapigi hodi. Na kuanzia kama wiki ya tano timu zinaanza kupumzika kwa zamu. Mchezaji wako nyota akipumzika, anakuletea sufuri. Utamweka nani mahali pake? Ni yule wa 40, wa 50, au wa 65 ambaye hakuna aliyemtaka.

Ndiyo sababu ligi nyingi hazishindwi kwa kuwa na nyota. Kila meneja ana nyota wake. Zinashindwa kwa kumjua mshika mkia gani wa kumchezesha, na wiki gani.

ALAMA ZINAVYOHESABIWA

Kanuni za kawaida ni hizi. Kila yadi 10 ambazo timu inasonga kwa mipira aliyodaka mpokeaji ni alama 1. Kila tachidauni ni alama 6. Halafu katika ligi nyingi, kila akidaka mpira anapata alama 1 zaidi. Ligi nyingine hutoa nusu alama, na nyingine hazitoi chochote kwa kudaka. Mimi nitatumia ile ya alama 1.

Mfano: mpokeaji akidaka mara 5 na kusonga yadi 52, bila tachidauni, anapata 5 kwa kudaka na 5.2 kwa yadi. Jumla ni 10.2. Rahisi kuliko logarithimu.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Sasa tufike kwenye kupanga. Mtu asiyejua hufanya hivi: anatazama alama za wiki iliyopita, anamweka mwenye nyingi juu na mwenye chache chini. Hiyo si kupanga, ni kunakili. Orodha ya wiki hii inauliza juu ya mchezo ambao haujachezwa. Alama za jana ni mvua iliyokwisha kunyesha. Anayepanga vizuri hutafuta mawingu, na mawingu yenyewe ni haya.

Kwanza, mirusho. Wamarekani huhesabu kila mpira uliorushwa kumlenga mpokeaji, awe ameudaka au umemponyoka. Hiki ndicho kipimo kikuu. Kwa nini? Kwa sababu tachidauni huja na kwenda, lakini mrushaji anayekutazama mara nane katika mchezo mmoja amekwisha kuonyesha kwamba anakuamini. Timu moja hurusha mpira kama mara 33 kwa mchezo. Ichukulie kama sima moja mezani penye watu wengi. Nyota anakata kipande kikubwa, pengine mirusho 9 au 10. Wa pili anapata 6 au 7. Wanaobaki wanagombea makombo. Mrusho mmoja hudakwa kama mara 6 kati ya 10, kwa hiyo mwenye mirusho 8 atadaka kama mara 5. Mwenye mirusho 2 anaomba Mungu tu.

Pili, muda uwanjani. Mchezaji aliyeketi benchi hatupiwi mpira. Kama kijana alikuwa akicheza robo ya mchezo, kisha kocha akaanza kumwacha uwanjani karibu muda wote, hilo ni wingu jeusi kabisa, hata kama bado hajadaka kitu.

Tatu, majeraha ya wenzake. Wahenga walisema kufa kufaana. Timu za NFL hulazimika kutangaza kabla ya mchezo nani ana jeraha, na nani hatacheza kabisa. Nyota aliyezoea mirusho 10 akitangazwa kuwa nje, ile mirusho 10 haiendi likizo pamoja naye. Lazima ielekezwe kwa mtu.

Nne, mpinzani. Kuna timu zenye walinzi hodari wa pembeni, wanaomganda mpokeaji kama kupe. Nyingine zinavuja kama pakacha. Lakini kuwa mwangalifu: mara nyingi mlinzi bora hutumwa kumkaba nyota, na mshika mkia anaachwa apumue. Kwa hiyo mpinzani mkali si lazima awe mbaya kwa kila mtu.

Tano, hali ya hewa na uwanja. Timu kama Detroit na Minnesota huchezea nyumbani chini ya paa, kwa hivyo mvua na upepo haviwasumbui. Kule Buffalo mambo ni mengine. Tarehe 6 Desemba 2021 upepo ulivuma kwa nguvu hivi kwamba timu ya New England ilirusha mpira mara 3 tu katika mchezo mzima! Na bado ilishinda 14 kwa 10 kwa kukimbia na mpira. Hebu fikiria meneja aliyemweka mpokeaji wa New England siku hiyo, aliona sinema ya bure.

MFANO WA KUBUNI

Nadharia bila mfano ni kama chai bila sukari. Chukua wapokeaji wanne. Nitawaita A, B, Ch na D kwa alfabeti yetu wenyewe. Hawa nimewabuni mimi ili tufanye mazoezi.

A: katika wiki tatu zilizopita alipata mirusho 2, 1 na 2. Wiki iliyopita alidaka mara moja tu, lakini alikimbia yadi 60 hadi tachidauni. Alama 13.

B: alipata mirusho 6, 7 na 8. Wiki iliyopita alidaka mara 5 kwa yadi 52. Alama 10.2.

Ch: alipata mirusho 4, 4 na 5. Wiki hii nyota wa timu yake, aliyekuwa akipata mirusho 10, ametangazwa kuwa nje.

D: alipata mirusho 7, 6 na 7. Timu yake inapumzika wiki hii.

Ukifuata alama za wiki iliyopita, A ndiye kinara na kila mtu atamkimbilia. Mimi ningepanga hivi.

Wa kwanza ni B. Mirusho yake inapanda ngazi wiki baada ya wiki. Hajafunga tachidauni, lakini anayebisha hodi kila siku siku moja atafunguliwa. Matarajio: alama 10 hivi, bila kelele.

Wa pili ni Ch. Nyota hayupo, na hata akipewa mirusho 3 tu kati ya ile 10, atafikia 7 au 8. Simweki juu ya B kwa sababu mirusho ya B tumeiona kwa macho, hii ya Ch bado tunaitarajia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ila B akiwa anacheza kwenye upepo mkali na Ch yuko chini ya paa, nawabadilisha bila kusita.

Wa tatu ni A. Tachidauni moja ya yadi 60 ni tamu, lakini mirusho 2 ni mirusho 2. Anaweza kurudia? Anaweza. Lakini ukimchezesha, usilie akikuletea sufuri.

D hapangwi kabisa wiki hii. Lakini hapa pana siri: meneja mjinga atamwacha kwa sababu ana sufuri wiki hii. Wewe mchukue, umweke benchi, umngoje wiki ijayo.

WALIOTOKA MKIANI

Mtasema hayo ni ya kubuni. Haya, twende kwa watu wa kweli.

Mwaka wa 2023 timu ya Los Angeles Rams ilimchukua kijana aitwaye Puka Nacua kutoka chuo kikuu. Alikuwa wa 177 kuchaguliwa mwaka huo, maana yake vijana 176 walionekana kuwa na faida kuliko yeye. Katika ligi nyingi za njozi hakuna aliyejisumbua kumchukua. Kisha nyota wa Rams, Cooper Kupp, akaumia msuli wa nyuma ya paja, akakosa michezo minne ya kwanza. Wiki ya kwanza Nacua alirushiwa mpira mara 15, akadaka mara 10 kwa yadi 119. Tachidauni? Hata moja. Walioangalia tachidauni peke yake hawakumwona. Walioangalia mirusho waliruka kutoka vitini. Piga hesabu mwenyewe: 10 na 11.9 ni alama 21.9. Wiki ya pili alidaka mara 15. Msimu ulipokwisha alikuwa na yadi 1,486, na hapo akavunja rekodi ya wachezaji wa mwaka wa kwanza iliyokuwa imesimama tangu 1960.

Kabla yake kulikuwa na Victor Cruz wa New York Giants. Mwaka wa 2010 vijana zaidi ya 250 walichaguliwa na timu za NFL, naye jina lake halikutajwa. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 2011 akapata yadi 1,536 na tachidauni 9, na mwezi Februari 2012 timu yake ikatwaa ubingwa. Yuko pia Adam Thielen wa Minnesota Vikings. Naye hakuchaguliwa, mwaka wa 2013, na mwaka wake wa kwanza alikuwa kwenye kikosi cha mazoezi tu. Mwaka wa 2018 alianza msimu kwa kupata yadi 100 au zaidi katika kila mmoja wa michezo minane ya mwanzo. Binamu yangu anayeishi huko Minnesota, ambaye ndiye aliyenifunza mchezo huu, huniambia kwamba hadithi ya Thielen inasimuliwa hadi vinyozini.

Lakini tusidanganyane. Si kila mshika mkia ni Nacua. Wengi wa wapokeaji wa 50 hubaki wa 50, na ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Mtazameni Gabe Davis wa Buffalo Bills. Januari 2022, katika mchezo wa mchujo dhidi ya Kansas City, alifunga tachidauni 4 peke yake. Watu wakapagawa. Msimu uliofuata mameneja walimgombania kama nyota. Tarehe 9 Oktoba 2022 alidaka mara 3 tu, lakini kwa yadi 171 na tachidauni 2. Hizo ni alama 32.1 kwa siku moja! Hata hivyo msimu wote alidaka mara 48 kwa yadi 836. Ukiiondoa siku ile moja, wastani wake haufiki yadi 50 kwa mchezo. Hakuwa mchezaji mbaya, la hasha. Watu walitazama mvua ya jana wakasahau kuhesabu mawingu.

JE, HII SI KAMARI?

Swali hili nimeulizwa na mwalimu mmoja, na ni swali la haki. Jibu langu ni hili: inategemea mmeweka nini mezani. Mkicheza bila pesa, mnashindania heshima tu na kutaniana Jumatatu asubuhi, huo ni mchezo wa akili kama bao au drafti. Mkiweka pesa, jina linabadilika. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na wengi wetu humu hatujafika.

Nalisema hili kwa sababu sote tunajua yanayotendeka mitaani kwetu. Wapo vijana walioanza na shilingi kumi, wakamaliza na karo ya muhula. Mzazi anafikiri mtoto amelipa, kumbe pesa zimekwenda kubashiri timu ambazo hata hazijui ziko nchi gani. Na tazama tofauti: anayebashiri kwa pesa hana wakati wa kuhesabu mirusho. Anamtaka A kwa sababu jana A alifunga. Njaa ya pesa humfanya mtu apende muujiza kuliko hesabu. Ukijifunza kupanga wapokeaji vizuri, jambo la kwanza utakalogundua ni jinsi hata wataalamu wanavyokosea mara kwa mara, tena wenye takwimu zote mkononi. Mtu akikuahidi ushindi wa hakika wikendi hii, mwambie akupangie kwanza wapokeaji kutoka wa 37 hadi wa 60, muone Jumanne amepata wangapi.

Nasema Jumanne kwa sababu mchezo wa mwisho wa wiki huchezwa Jumatatu usiku kwao, ambapo kwetu ni saa tisa na robo usiku, au saa kumi na robo majira yao ya baridi yakifika. Tafadhali msikeshe. Matokeo yatakuwapo asubuhi, na gwaride linawangoja.

FUNZO KWETU

Mwisho wa kila muhula orodha ya nafasi hubandikwa. Sote tunaijua. Wa kwanza anapigiwa makofi, na wa arobaini na nane anajipenyeza nyuma ya wenzake asionekane. Wapo waliokwisha kuacha shule kwa sababu ya karatasi ile. Mimi sisemi ichanwe. Orodha ni ya lazima, maana bila kupima hatujui tuko wapi. Ninachosema ni kwamba karatasi ile inaonyesha alama zilizopatikana, na haionyeshi mirusho. Haituambii nani alikuwa akitembea kilomita sita kuja shuleni na kufika kipindi cha pili. Haituambii nani alisoma kwa koroboi na nani kwa stima. Haituambii nani muhula huu alianza kuinua mkono darasani, hata kama majibu bado hayajawa sahihi.

Meneja mzuri hamdharau wa hamsini, wala hamsifu bure. Anamwuliza maswali: Je, anapata nafasi? Nafasi zinaongezeka au zinapungua? Nini kimebadilika wiki hii? Nawaomba walimu wetu wapendwa, nanyi wanafunzi wenzangu, tuulizane maswali hayo hayo kabla ya kumwandika mtu kuwa si kitu. Na wewe uliyeshika mkia muhula uliopita, usingoje makofi. Tafuta mirusho. Uliza swali darasani, omba kitabu, jiunge na kikundi cha majadiliano, simama mahali ambapo mpira unaweza kukufikia. Nacua hakupata tachidauni wiki ya kwanza. Alipata mirusho 15.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwenye swali anitafute wakati wa mapumziko karibu na maktaba.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu